Toleo jipya la HTTP: simu yako haizimwi, lakini yapo ya kuuliza

Kila linapotajwa toleo jipya la kitu chochote cha intaneti, maswali ninayoulizwa hapa Dodoma hayabadiliki. Simu yangu itaendelea kufungua kurasa? Bando litaisha haraka kuliko sasa? Hiyo ndiyo 5G? Kazi yangu ni kutunza tovuti za watu, na maswali haya huyapata kwa wateja wenye maduka Majengo na vilevile kwa maofisa TEHAMA wanaoshinda Mtumba. Wote wana haki ya kuuliza, kwa sababu habari zenyewe huwafikia zikiwa vipande vipande: neno moja limetoka kwenye taarifa ya Kiingereza, jingine kwenye ujumbe uliosambazwa mara nyingi WhatsApp, na hakuna aliyekaa akaviunganisha. Hofu ya kweli ipo na nitaifikia. Ila haipo pale ambapo watu wengi wanaitafuta.

Tuanze na jina. HTTP ni zile herufi zinazokaa mwanzo kabisa wa anwani ya tovuti, kabla ya nukta pacha na mikwaju miwili. Ni itifaki, yaani makubaliano ya namna mashine mbili zinavyoongea: nani anaanza, anaomba vipi, anajibiwa vipi, na mambo yakikwama nani afanye nini. Upande mmoja kuna kivinjari, ile programu unayofungulia kurasa kama Chrome, Firefox au Opera. Upande wa pili kuna seva, kompyuta inayotunza ukurasa na kuutoa ukiombwa. Toleo jipya maana yake watu wamekaa wakayaandika upya makubaliano hayo.

Halafu tutenganishe intaneti na wavuti, maana hapa ndipo mazungumzo mengi yanapopotea. Intaneti ni njia zenyewe: mikongo ya baharini inayotua Dar es Salaam, Mkongo wa Taifa unaoifikisha huku katikati ya nchi, minara, ruta za ofisini. Wavuti ni kurasa zinazopita juu ya njia hizo, na HTTP ni ya wavuti. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini na kila mtu akawa analalamika kwamba mtandao unasumbua, HTTP haikuhusika kabisa. Njia ndiyo iliyokatika. Na 5G ni habari ya mawimbi kati ya simu yako na mnara. Unaweza kuwa na 5G ukafungua tovuti kwa toleo la HTTP la mwaka 1997, na unaweza kuwa Bahi na 3G ya kusuasua ukafungua kwa toleo la 2022.

Kinachosemwa ndani yake

HTTP ya zamani unaweza kuisoma kwa macho. Ukitaka ukurasa wa bei za mahindi, kivinjari chako hutuma kwa seva mstari kama huu:

GET /bei/mahindi HTTP/1.1

Neno la kwanza ni ombi: nipe. La pili ni kitu kinachoombwa. La tatu linataja toleo la makubaliano. Mstari unaofuata huanza na Host na kutaja jina la tovuti, kisha hufuata mingine michache inayoeleza aina ya kivinjari na lugha unayopendelea. Seva hujibu kwa namba: 200 ikiwa kitu kipo na kinakuja, 404 ikiwa hakipo. Hiyo 404 karibu kila aliyewahi kushika simu janja ameshakutana nayo.

Tim Berners-Lee alipoanza na haya kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Uswisi, toleo lake la 1991 lilikuwa la mstari mmoja tu wa ombi. Toleo 1.0 likaandikwa rasmi mwaka 1996, 1.1 likafuata 1997 na kusafishwa 1999. Kisha miaka 16 ikapita bila namba mpya. Mei 2015 likatoka HTTP/2, na Juni 2022 likatoka HTTP/3. Mwezi huohuo wa Juni 2022 lilifanyika jambo jingine ambalo halikutangazwa sana, nami naliona kuwa muhimu kuliko namba zote: maana ya maneno iliwekwa kwenye andiko lake peke yake, linalotumika na matoleo yote. Ombi la GET, jibu la 200, kosa la 404, vyote vimebaki vilevile. Yanayotofautiana ni maelekezo ya kuyasafirisha.

Kwa nini usafirishaji ulihitaji kubadilishwa

Chukua soko la mahindi la Kibaigwa. Wewe uko Dodoma mjini na umeagiza mzigo mmoja wenye vitu vingi vya wafanyabiashara tofauti: mahindi ya huyu, alizeti ya yule, choroko za mwingine. Ukurasa wa wavuti ndivyo ulivyo. Unauona kama kitu kimoja, kumbe umeundwa na makumi ya vipande: maandishi, picha, aina za herufi, programu ndogondogo.

Kwa toleo 1.1, barabara moja ilibeba lori moja kwa wakati. Lori linakwenda kuchukua mahindi, linarudi, ndipo linatumwa kuchukua alizeti. Ili kupunguza kusubiri, vivinjari vilifungua barabara kadhaa kwa mpigo, kwa kawaida sita kwa kila tovuti. Zaidi ya hapo vingeilemea seva.

HTTP/2 ilikuja na wazo zuri. Barabara iwe moja, lakini malori yafuatane bila kusubiriana, na kila gunia liandikwe jina la mwenyewe. Lori moja linaweza kubeba magunia mawili ya mahindi, moja la alizeti na moja la choroko. Yakifika mjini yanapangwa kwa majina. Hakuna tena haja ya barabara sita, na hakuna lori linalosafiri nusu tupu.

Shida ilikuwa barabara yenyewe. Chini ya HTTP kuna itifaki nyingine iitwayo TCP, yenye umri mkubwa kuliko wavuti, nayo ina sharti moja lisilo na huruma: malori yakabidhi mzigo kwa mpangilio uleule yalivyoondoka. Lori la tatu likiharibika pale Mbande, la nne, la tano na la sita yatalipita na kufika Nzuguni, lakini hayaruhusiwi kushusha. Yatapaki hapo mpaka la tatu lifike, hata kama halikubeba gunia hata moja la wenye mzigo wanaosubiri. Mwenye alizeti anacheleweshwa na mahindi ambayo si yake.

Sasa angalia jambo lililowashtua wataalamu. Katika mfumo wa zamani wa barabara sita, lori moja likiharibika lilisimamisha barabara moja tu, tano zikaendelea. Katika HTTP/2 linasimamisha mzigo wote. Kwa hiyo toleo lililokuwa bora kwenye mtandao tulivu liliweza kuwa zito kuliko la zamani kwenye mtandao unaopoteza pakiti nyingi. Pakiti ndiyo lori letu: kifurushi kidogo cha data kinachosafiri peke yake. Na pakiti zinapotea sana wapi? Pale mnara ulipo mbali, pale watu wengi wamejazana kwenye mnara mmoja, pale basi linapoacha Kondoa likaingia kwenye mabonde. Huku kwetu, kwa kifupi.

HTTP/3 iliachana na TCP. Imejengwa juu ya itifaki mpya inayoitwa QUIC, iliyopitishwa rasmi Mei 2021. QUIC huhesabu mpangilio kwa kila mwenye mzigo peke yake. Lori likikwama Mbande, wanaosubiri ni wale tu ambao magunia yao yamo ndani yake. Wengine wanashusha na kuondoka zao.

Umbali wa Dodoma

Kuna faida nyingine ya toleo la tatu ambayo kwetu ni kubwa kuliko ilivyo kwa mtu wa London, na inaonekana kwa hesabu nyepesi.

Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuseme seva iko Ulaya na njia ya mkongo kutoka hapa ni kilomita 10,000. Njia halisi hupindapinda, kwa hiyo huo ni ukadiriaji wa chini. Kwenda tu ni sehemu ya ishirini ya sekunde. Kwenda na kurudi ni sehemu ya kumi. Hakuna fundi, hakuna kampuni ya simu na hakuna 5G inayoweza kupunguza hapo, kwa sababu huo ni mwendo wa mwanga.

Kwa mtindo uliozoeleka miaka ya HTTP/2 ilipotoka, simu yako ilifanya safari moja ya kusalimiana na seva kwa TCP, safari mbili za kukubaliana funguo za usimbaji ili mtu wa katikati asisome, kisha safari ya nne ya kuomba ukurasa wenyewe. Safari nne ni sekunde 0.4 kabla hujaona herufi ya kwanza. Mwaka 2018 lilitoka toleo jipya la itifaki ya usimbaji, TLS 1.3, likapunguza safari moja. QUIC inasalimia na kubadilishana funguo kwa wakati mmoja: safari moja ya salamu na funguo, ya pili ya ombi. Sekunde 0.2. Ukirudi kwenye tovuti uliyowahi kuifungua, ombi linaweza kwenda pamoja na salamu, ikabaki safari moja. Njia hiyo ya mwisho haifai kwa ombi la kulipa, kwa sababu aliye katikati anaweza kulinasa na kulirudia.

Sekunde 0.2 zinaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba ukurasa mmoja hugusa tovuti nyingi: ramani inatoka huku, herufi kule, matangazo kwingine, na kila moja inataka salamu yake. Anayefungua ukurasa huo akiwa jirani na seva hataona tofauti. Aliyeko Mpwapwa ataiona. Tovuti za kampuni kubwa duniani huweka nakala karibu na watumiaji ili kukwepa umbali huu, lakini tovuti nyingi ninazokabidhiwa kutunza, za shule, za vyama vya ushirika, za wauza mvinyo wa zabibu, zimepangishwa Ulaya au Marekani kwa sababu huko bei ni nafuu. Hizo ndizo zinazofaidika na upungufu wa safari.

Hofu zisizo na msingi, na moja yenye msingi nusu

Nadhani wazo la kwamba "mtandao wa zamani unazimwa" limetokana na jambo tulilolipitia kweli. Mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa, ikianzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kufuatia mikoa mingine, na asiyenunua king'amuzi alibaki na skrini tupu. Watu hawajasahau. Lakini HTTP haibadilishwi kwa namna ile. Kivinjari na seva hukubaliana toleo kila vinapokutana. Kivinjari kinasema matoleo kinayoyafahamu, seva inachagua, na ikiwa wanalingana kwenye la zamani tu, wanatumia hilo. Toleo la tatu lenyewe mara nyingi huja kwa njia ya tangazo: seva inajibu kwanza kwa toleo la pili, ikiongeza kwamba "la tatu pia ninalo", na kivinjari kisichojua habari hizo hupuuza tu. Toleo 1.1 linaendelea kufanya kazi leo na hakuna tarehe iliyopangwa ya kulizima.

Hata hivyo simu za zamani kweli zimekuwa zikishindwa kufungua baadhi ya tovuti, na anayelalamika hasemi uongo. Chanzo ni usimbaji. Mwaka 2020 vivinjari vikubwa viliacha matoleo ya zamani ya TLS, yaani 1.0 na 1.1, kwa sababu yalikuwa na udhaifu, na seva nyingi nazo zikayafunga. Simu isiyojua matoleo mapya ya TLS inagonga mlango haufunguliwi. HTTP inalaumiwa kwa kosa la jirani yake.

Mwenye kitochi naye asihangaike. Unapobonyeza *150*00# ukatuma pesa, hupiti kwenye wavuti. Menyu ile inapita kwenye mfumo wa simu wenyewe.

Bando? Toleo jipya linapunguza matumizi kidogo sana, kwa sababu maelezo yanayojirudia kwenye kila ombi hubanwa. QUIC nayo inaongeza kidogo: pakiti yake ya kwanza ya salamu lazima ifikishe angalau baiti 1,200. Vyote viwili ni chembe. Ukurasa wa kawaida siku hizi unazidi MB 2, na kinachozila ni picha kubwa, video zinazojiwasha zenyewe na programu za matangazo. Mwenye tovuti akipunguza ukubwa wa picha zake, atakuwa amekuokolea bando kuliko toleo lolote la HTTP.

Na ile kufuli inayoonekana kwenye baadhi ya vivinjari: inamaanisha njia imesimbwa, basi. Haimaanishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli anaweza kuwa na kufuli kama benki, kwa kuwa vyeti vya usimbaji vinapatikana bure tangu mwisho wa 2015. Toleo jipya halijabadilisha hilo.

Yanayostahili kuulizwa

La kwanza ni nani anayeshika kalamu. HTTP/2 ilitokana na SPDY, kazi ya Google iliyotangazwa mwaka 2009. QUIC nayo ilianzia Google, ikatangazwa 2013. Google wana Chrome upande huu na seva kubwa upande ule, hivyo waliweza kulijaribu wazo lao kwa mamilioni ya watu kabla wengine hawajaitwa kwenye meza ya IETF, chombo kinachoandika viwango hivi. Mwaka 2012 Microsoft walileta pendekezo lao, na wengine pia, lakini SPDY ndiyo iliyochukuliwa kuwa msingi. Mwanzoni mwa 2015 Mdenmark Poul-Henning Kamp, mtunzi wa programu maarufu ya seva ya akiba (inayotunza nakala za kurasa) iitwayo Varnish, alipinga hadharani: alisema kazi imefanywa kwa haraka, imeongeza ugumu usio wa lazima, inahitaji nguvu zaidi ya kompyuta, na imeacha nafasi ya kulinda faragha ipite.

Mimi sikubaliani naye kwa yote. QUIC ilipofika kwenye meza ya wazi mwaka 2016 ilikaa miaka mitano, na usimbaji uliobuniwa na Google ukaondolewa ukawekwa TLS 1.3 ya watu wote. Haikupita kama ilivyoletwa. Lakini swali lake la msingi ni sahihi, na kuna tukio linaloonyesha kwa nini.

HTTP/2 ilikuja na uwezo ambao seva iliweza kukusukumia vitu kabla hujaviomba. Ukiomba ukurasa, seva inakisia kwamba utahitaji picha fulani, inaituma papo hapo. Kwenye maabara yenye mtandao mpana hilo linavutia. Kwenye simu ya mtu anayenunua bando la siku, seva inaweza kukusukumia picha ambayo tayari imo kwenye simu yako tangu jana, na MB zimekwenda. Ilichukua miaka saba: mwaka 2022 Chrome ikauondoa uwezo huo kwa sababu haukuleta faida iliyotarajiwa. Angekuwapo mtu mezani ambaye maisha yake ni kuhesabu MB, naamini swali hilo lingeulizwa kwa sauti kubwa mwaka 2013.

Vipimo navyo vinasema jambo. Mwaka 2017 wahandisi wa Google walichapisha matokeo ya QUIC: majibu ya utafutaji yaliharakishwa kwa asilimia 8 kwenye kompyuta, lakini asilimia 3.6 tu kwenye simu. India, ambako safari za pakiti ni ndefu na zinazopotea ni nyingi, ilifaidika kuliko Korea Kusini yenye mtandao mzuri. Hiyo ni habari njema kwetu. Ila simu ilifaidika kidogo kuliko kompyuta, na sehemu ya sababu ni kwamba QUIC inaipa simu kazi zaidi ya kuchakata. Je, kwenye simu ya bei ya chini, ya aina inayonunuliwa kwa wingi pale Sabasaba, faida inabaki ngapi? Nataka kuona namba zilizopimwa hapa.

La pili ni akiba za pamoja. Enzi za setelaiti, vyuo na shule ziliweka seva ya akiba: mwanafunzi wa kwanza akifungua ukurasa, nakala inabaki hapo, na wenzake wote wanaichukua bila kutoka nje. Usimbaji umeua utaratibu huo, kwa kuwa mashine ya katikati haioni tena kinachopita. Andiko la HTTP/2 halikulazimisha usimbaji, ila vivinjari vikubwa viligoma kulitumia bila huo, na kwenye HTTP/3 usimbaji umo ndani ya QUIC yenyewe, hauwezi kutolewa. Mwaka 2018 Eric Meyer, mwalimu wa wavuti kutoka Marekani, alikwenda kufundisha vijijini Uganda ambako mtandao ulikuwa wa setelaiti, akaona kwa macho yake kwamba usimbaji umefanya kurasa zisifunguke palepale ambapo akiba ingesaidia.

Pamoja na hayo naunga mkono usimbaji, na sina kusitasita. Bila huo kila aliye katikati, kuanzia mwenye Wi-Fi ya mgahawa hadi mtoa huduma, anaweza kusoma unachofungua na kupachika matangazo yake ndani ya kurasa za wengine. Mwaka 2014, baada ya Edward Snowden kufichua siri za ujasusi wa Marekani, watunga viwango walitamka kwamba kufuatilia mawasiliano ya watu wote ni shambulio linalopaswa kuzuiwa. Walikuwa sahihi. Lakini gharama ya uamuzi huo haikugawanywa sawa. Shule yenye nyuzi za mkongo haikulipa chochote. Shule ya kijijini yenye laini moja ya simu kwa darasa zima ililipa.

La tatu ni ugumu. Toleo 1.1 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anaweza kuliandika kwa mkono, herufi kwa herufi, akaona seva inajibu. La pili na la tatu ni lugha ya namba za mashine. Bila zana maalumu huoni kitu. Ugumu huo umeshazaa madhara. Mwaka 2023 washambuliaji walitumia ruhusa ya HTTP/2 ya kughairi ombi: waliomba, wakaghairi papo hapo, wakaomba tena, mfululizo, seva ikabaki na kazi huku kikomo cha maombi ya wakati mmoja hakifikiwi. Google walisema shambulio kubwa waliloliona lilizidi maombi milioni 398 kwa sekunde. Wao walihimili. Seva ndogo ya ofisi ambayo haijasasishwa haihitaji hata sehemu ndogo ya hapo kuanguka, kwa hiyo ukiwa na seva inayotumia HTTP/2 na hujaisasisha tangu Oktoba 2023, acha kusoma hapa ukaisasishe.

La nne ni letu wenyewe. QUIC haipiti kwenye TCP, inapita kwenye UDP, itifaki nyingine ya kusafirisha pakiti, mlango namba 443. Ofisi nyingi zina vifaa vya ulinzi vilivyofungwa ili UDP isitoke, isipokuwa ile ya kutafuta majina ya tovuti. Nimekuta hivyo mara kwa mara nikiitwa kuangalia "kwa nini mtandao wa ofisi ni mzito kuliko bando langu". Kivinjari kinajaribu toleo la tatu, kinagonga ukuta, kinarudi la pili. Ukurasa unafunguka, kwa hiyo hakuna anayegundua. Vifaa vya katikati vinavyodhani vinajua kila kitu kinachopita ni kero ya dunia nzima, kiasi kwamba Mei 2023 lilitolewa toleo la pili la QUIC ambalo karibu halina jipya: sehemu kubwa ya lengo lake ni kuvizoesha vifaa hivyo kwamba namba ya toleo hubadilika.

Mlango uko wapi

Viwango hivi huandikwa kwenye chombo kile cha IETF, kilichoanza kukutana mwaka 1986. Hakina uanachama wala ada ya kujiunga. Hakuna kura, huamua kwa makubaliano ya jumla na kwa programu iliyothibitika kufanya kazi. Rasimu zote ziko wazi bure, hukutana mara tatu kwa mwaka, na anayeshiriki kwa mbali akiwa hana uwezo anaweza kuomba asamehewe ada ya mkutano. Serikali haimtumi mtu kukuwakilisha huko. Unaingia kwa jina lako.

Dodoma ina watu wa kutosha kwa kazi hii: ndaki ya kompyuta ya UDOM, Mamlaka ya Serikali Mtandao, vijana wa makampuni madogo ya tovuti. Pa kuanzia ni kupima. Kwenye kompyuta, fungua Chrome, bonyeza F12, nenda sehemu iliyoandikwa Network, bonyeza kulia kwenye vichwa vya safu, washa safu ya Protocol, kisha fungua tovuti upya. Kila kipande cha ukurasa kitaonyesha toleo lililotumika: http/1.1, h2 au h3. Fanya hivyo saa nne asubuhi na saa mbili usiku, kwa Wi-Fi ya ofisi na kwa bando, mjini na ukiwa Chamwino. Andika muda uliotumika, mtandao uliotumia na aina ya simu au kompyuta. Ukiona tovuti inatoa h3 kwenye bando lakini ofisini inabaki h2 kila mara, mwambie ofisa TEHAMA aangalie kama UDP 443 imefungwa. Ukiona h3 inatumika lakini simu ya bei ya chini inachelewa kuliko ilivyokuwa kwa h2, hicho ni kipimo ambacho waandishi wa kiwango hawanacho, na rasimu ya kukipeleka inaweza kuandikwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu.